Kompyuta yenye RAM ya GB 192 inayoganda na kujiwasha upya: je, kosa ni la kerneli, la draiva au la RAM?

Swali la msomaji anayechambua jenomu za mimea mjini Morogoro:

"Kompyuta yangu ina prosesa ya Ryzen 9 7950X, kadi ya michoro ya NVIDIA na Ubuntu 24.04. Ilifanya kazi vizuri kabisa ikiwa na vipande viwili vya RAM vya GB 48. Tangu niongeze vipande vingine viwili vya aina ileile na kufikisha GB 192, nimepata matatizo matatu. Ninaponakili matokeo kwenda kwenye diski ya nje ya USB, kila kitu huganda kwa dakika kadhaa kisha huachia. Usiku, kazi ndefu zikiwa zinaendelea, kompyuta hujiwasha upya bila kuacha ujumbe wowote. Na mara nyingine kadi ya michoro hupotea, logi ikitaja Xid 79. Wenzangu wananishauri nibadilishe draiva ya NVIDIA au nisakinishe Ubuntu upya. RAM nimeiweka kwenye EXPO, kasi ya 6000. Nianzie wapi?"

Jibu:

Ndugu msomaji, usisakinishe Ubuntu upya kwanza, wala usiguse draiva ya NVIDIA. Ukifanya hivyo sasa utafuta ushahidi mdogo ulionao, na matatizo yatarudi siku mzigo utakaporudi. Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba umeeleza matatizo matatu yenye tabia tatu tofauti, na kuyachukulia kama ugonjwa mmoja ndiko kunakowafanya watu wahangaike kwa miezi. Mashine inayoganda kisha ikaachia yenyewe haijaanguka, inasubiri kitu. Mashine ambayo kerneli yake, yaani kiini cha Linux, imeanguka kwa kosa la programu kwa kawaida huacha maandishi, mradi kuwe na mahali pa kuyapokea. Mashine inayojiwasha upya ghafla pasipo neno hata moja mara nyingi imekatwa kutoka chini ya kerneli, yaani na prosesa, na ubao mama au na umeme. Hilo la kwanza lako ninaamini ni suala la mpangilio wa kerneli tu, na tiba yake ni mistari miwili. Mawili yaliyobaki ninayashuku zaidi kuwa ya vifaa, na sababu yangu kubwa ni hiyo kasi ya 6000.

Nianze na kuganda wakati wa kunakili, kwa sababu ndilo jepesi kulithibitisha. Linux haipeleki data kwenye diski papo hapo programu inapoandika. Huiweka kwanza ndani ya RAM, katika kurasa zinazosubiri kuandikwa, kisha huzishusha taratibu kwenye diski. Kiasi cha kurasa hizo huongozwa na vigezo viwili, `vm.dirty_background_ratio` ambacho kwa kawaida ni asilimia 10, na `vm.dirty_ratio` ambacho kwa kawaida ni asilimia 20 ya RAM inayoweza kutumika kwa kazi hiyo. Kikomo cha kwanza kikifikiwa, kerneli huanza kuandika nyuma ya pazia. Cha pili kikifikiwa, programu inayoandika husimamishwa mpaka diski ipunguze mzigo. Asilimia hizi zilikuwa na busara kompyuta zilipokuwa na RAM ya GB 1 au 2. Kwako, iwapo sehemu kubwa ya RAM iko wazi, asilimia 20 inakaribia GB 38. Diski ya nje ya sahani inayoandika kwa kasi ya MB 100 kwa sekunde huhitaji zaidi ya dakika sita kumaliza mzigo huo. Kerneli hujaribu kumgawia kila mwandishi na kila diski sehemu yake ya kikomo kulingana na kasi, lakini programu yoyote inayoomba data yake ithibitishwe kuwa imefika diskini, kama vile kivinjari au hifadhidata, inaweza kujikuta kwenye foleni hiyo hiyo. Ndiyo maana dirisha la barua pepe huganda ingawa halina uhusiano wowote na diski ya USB.

Kuthibitisha, fungua terminali mbili kabla ya kunakili. Katika moja nakili kama kawaida, na katika nyingine andika:

`watch -n1 "grep -E 'Dirty|Writeback' /proc/meminfo"`

Ukiona mstari wa Dirty unapanda hadi makumi ya GB kisha unashuka polepole kwa muda uleule ambao mashine imeganda, umepata jibu. Logi ya kerneli nayo huenda ikawa na maneno `blocked for more than 120 seconds`. Ujumbe huo huwatisha watu bure: hausemi kwamba kerneli imevunjika, unasema kwamba kichakato fulani kimesubiri zaidi ya sekunde 120 bila kupata nafasi, na mara nyingi kinachosubiriwa ni diski. Tiba ni kuacha asilimia na kutumia kiasi kamili. Tengeneza faili `/etc/sysctl.d/90-uandishi.conf` lenye mistari hii:

`vm.dirty_background_bytes = 268435456`
`vm.dirty_bytes = 1073741824`

Hizo ni MB 256 na GB 1. Kisha endesha `sudo sysctl --system`. Ukiandika vigezo vya baiti, vile vya asilimia hujigeuza kuwa sifuri, na hilo ni sahihi. Kunakili kutaonekana kuwa kwa polepole zaidi mwanzoni, kwa kuwa sasa unaona kasi ya kweli ya diski badala ya kasi ya RAM, lakini mashine itabaki inaitika. Ikiwa hata baada ya hapo inaganda, ingia kwa ssh kutoka kompyuta nyingine wakati imeganda na uandike `echo w | sudo tee /proc/sysrq-trigger`; kerneli itaorodhesha kwenye `dmesg` vichakato vyote vilivyokwama na kazi ambayo kila kimoja kilikuwa kikifanya. Kwa njia ya kibodi, yaani Alt na SysRq, Ubuntu huruhusu vitendo vichache tu kwa kuwa `kernel.sysrq` imewekwa 176. Iweke 1 kwa muda wa uchunguzi.

Sasa tuje kwenye mashine inayojiwasha upya. Hapa nitakaa kwa muda mrefu, kwa sababu hatari yake si usiku uliopotea tu.

AMD yenyewe, katika maelezo ya prosesa za Ryzen 7000, inataja kasi ya 5200 MT/s (mamilioni ya uhamisho wa data kwa sekunde) pale vipande viwili vya DDR5 vinapotumika, na 3600 MT/s pale vinapotumika vinne. Kasi ya 6000 iliyoandikwa kwenye boksi la RAM ni kasi ambayo mtengenezaji wa RAM aliijaribu kwa seti aliyoiuza, na EXPO, mpangilio wa ubao mama unaowasha kasi hiyo, ni kuiendesha RAM na kidhibiti chake kupita kiwango ambacho mtengenezaji wa prosesa ameahidi. Ulipokuwa na vipande viwili, 6000 ilikuwa hatua chache tu juu ya kiwango, na prosesa nyingi huimudu. Ulipoweka vinne, umeme wa kila chaneli, yaani njia ya data kati ya prosesa na RAM, ulianza kuhudumia vipande viwili badala ya kimoja, mawimbi yake yakachafuka zaidi, na pengo kati ya ahadi na matumizi likawa kubwa mno. Hata seti mbili zenye namba ileile ya bidhaa, zilizonunuliwa kwa nyakati tofauti, zinaweza kuwa na chipu tofauti ndani. Kwa hiyo kuwaka na kufungua Ubuntu hakuthibitishi chochote. Kunathibitisha tu kwamba makosa ni machache kiasi cha kutoonekana mapema.

Hii pia inaeleza ule ukimya. Katika prosesa za AMD, kosa lisiloweza kusahihishwa kwenye njia za ndani za data huweza kuifanya mashine nzima isimamishe mawasiliano na kujiwasha upya ili data iliyoharibika isisambae. Kerneli haipewi nafasi ya kuandika mstari. Hata hivyo rejista za makosa za prosesa huweza kubaki na alama baada ya kuwaka upya, na kerneli huzisoma inapoanza. Kwa hiyo usitafute ushahidi mwishoni mwa logi ya jana tu, utafute pia mwanzoni mwa logi ya leo:

`journalctl -k -b -1 | tail -50`
`journalctl -k -b 0 | grep -i -E 'mce|hardware error'`

Angalia pia namba iliyo katika `/proc/sys/kernel/tainted`. Namba hiyo ni jumla ya alama kadhaa. 1 ni moduli isiyo ya chanzo huria, 4096 ni moduli iliyojengwa nje ya kerneli, na 16 ni taarifa kwamba prosesa imeripoti kosa la vifaa tangu mashine iwashwe. Draiva ya NVIDIA isiyo ya chanzo huria hukupa 4097 au 12289, na hizo si habari. Ukikuta 4113 au 12305, ile 16 imeongezeka, na mjadala wa draiva uahirishwe.

Chukua hatua ya kuzima EXPO leo. Ingia BIOS, rudisha RAM kwenye mpangilio wa kawaida, na uiache mashine ikamilishe kujipima. DDR5 yenye vipande vinne inaweza kuchukua dakika kadhaa na skrini nyeusi mara ya kwanza, na wengi huikatiza hapo wakidhani imekufa. Kisha thibitisha kwa `sudo dmidecode -t memory` kwamba mstari wa Configured Memory Speed unasoma 3600 kweli. Kabla ya hapo sasisha BIOS ikiwa ni ya zamani, kwa sababu vipande vya GB 48 vilikuja baada ya ubao mama nyingi za AM5 kuwa tayari sokoni, na uwezo wa kuvitumia uliongezwa kwa masasisho ya mwaka 2023. Nakusihi usifuate ushauri wa kupandisha volteji ya SoC, yaani ya sehemu ya prosesa yenye kidhibiti cha RAM, ili 6000 ishike. Mwaka 2023 baadhi ya prosesa za familia hii ziliungua kwa volteji hiyo kupandishwa kupita kiasi na mipangilio ya EXPO ya ubao mama, na AMD ikalazimika kuweka ukomo wa 1.3 V.

Utapoteza kasi, ndiyo. Kwa kazi za kuunganisha jenomu, ambazo zinahitaji RAM nyingi kuliko zinavyohitaji RAM ya haraka, nadhani hasara hiyo inavumilika kabisa ukilinganisha na kazi ya saa kumi inayokatika saa ya tisa. Kama kasi ni muhimu kwako, njia ya uaminifu ni kutumia vipande viwili vikubwa zaidi, au kuhamia jukwaa lenye chaneli nne au nane za RAM.

Baada ya kushusha kasi, pima. Memtest86+ toleo la 6 na kuendelea, lililotoka 2022, linawaka kwenye UEFI, programu ya kuwashia ya kompyuta za kisasa, na linaifahamu DDR5. Matoleo ya 5 hayafai kwa mashine yako. Kwa GB 192 mzunguko mmoja huchukua saa nyingi, kwa hiyo uanzishe jioni. Kosa hata moja ni kufeli. Hakuna kosa dogo la RAM. Lakini kufaulu pia kusikupumbaze, kwa kuwa Memtest86+ huendesha mashine ikiwa peke yake, kadi ya michoro imelala, diski zimelala na kasha halijapata joto. Hivyo baada yake ndani ya Ubuntu endesha `stressapptest`:

`stressapptest -W -M 160000 -s 14400`

Amri hiyo hushughulisha takriban GB 160 kwa saa nne, nawe wakati huohuo uipe kadi ya michoro kazi yake ya kawaida. Huo ndio mzigo unaofanana na usiku wako. Ikitokea kosa hapo ilhali Memtest86+ ilipita, fikiria joto na umeme pamoja na RAM.

Iwapo kosa linaendelea hata kwa 3600, toa vipande kimwili, viwili viwili. Wengine watakushauri uandike `mem=96G` kwenye mstari wa kuwasha kerneli badala ya kufungua kasha. Jaribio hilo ni zuri ila linajibu swali jingine. Anwani za RAM husambazwa kwa zamu juu ya chaneli zote mbili, kwa hiyo `mem=96G` haivipumzishi vipande viwili; vyote vinne vinabaki vimechomekwa na mzigo wa umeme ni uleule. Kinachopungua ni anwani za juu ambazo kerneli na draiva huruhusiwa kuzitumia. Kwa hiyo tatizo likiisha kwa `mem=96G` huku vipande vinne vikiwa mahali pake, shuku programu, hasa draiva isiyojua kushughulikia anwani kubwa, ingawa pia umepunguza uwezekano wa kugusa eneo bovu. Likiisha tu baada ya kutoa vipande kwa mkono, shuku RAM, nafasi za ubao mama au kidhibiti kilicho ndani ya prosesa.

Ipo njia nyingine ya kutofautisha RAM na draiva, nayo haikugharimu chochote ila subira ya kusoma. Kerneli ikianguka huandika ilikuwa katika kazi gani. Kosa la draiva lina tabia ya kurudi mahali pamoja: jina lilelile la moduli, mara nyingi kazi ileile, mara nyingi baada ya kitendo kilekile. Kosa la RAM huzurura. Leo ni ext4, kesho ni mtandao, keshokutwa ni Python inayokufa kwa segfault bila sababu, na siku nyingine ni `BUG: Bad page state`. Ukiona ujumbe `general protection fault, probably for non-canonical address`, itazame anwani yenyewe. Anwani za kerneli huanza na ffff. Ukikuta imeanza na ffef, tofauti ni biti moja tu iliyogeuka kutoka moja kuwa sifuri, na ni nadra programu kukosea kwa unadhifu wa namna hiyo. Mimi nikiona biti moja imegeuka huacha kusoma msimbo wa draiva na kwenda kwenye RAM.

Nimesema hatari si usiku uliopotea tu. RAM inayogeuza biti na kuiangusha mashine imekufanyia hisani. Inayogeuza biti ndani ya mfuatano wa jenomu na kuendelea kufanya kazi imekupa jibu la uongo lenye sura ya kweli. RAM yako, kama nyingi za kompyuta za mezani, haina ECC kamili, yaani uwezo wa kugundua na kusahihisha biti zilizogeuka. DDR5 ina usahihishaji ndani ya chipu yenyewe, lakini huo haulindi safari ya data kati ya kipande na prosesa, ambako ndiko 6000 inakosumbuka, na haumwambii mtu yeyote ulichosahihisha. Utafiti wa watafiti wa Google na Chuo Kikuu cha Toronto uliochapishwa 2009, uliofuatilia seva nyingi za Google, uliona kwamba zaidi ya asilimia 8 ya vipande vya RAM vilipata kosa lililosahihishwa katika mwaka mmoja, na hiyo ni RAM iliyoendeshwa katika kiwango chake. Ninaamini kwa dhati kwamba mtu anayechapisha matokeo ya kisayansi kutoka kwenye GB 192 anastahili ECC kabla hajastahili kadi kubwa zaidi ya michoro. Ukiwa nayo, `rasdaemon` na amri ya `ras-mc-ctl --error-count` vitakuonyesha kipande kipi kinaugua wiki kadhaa kabla hakijaangusha kitu. Usipokuwa nayo, unaweza angalau kuchukua faili moja la makumi ya GB, kuendesha `sha256sum` mara nyingi, ukifuta akiba ya RAM kati ya mizunguko kwa `echo 3 | sudo tee /proc/sys/vm/drop_caches`, na kutazama kama jibu hubadilika. Likibadilika hata mara moja, simamisha kazi zote.

Kuhusu Xid 79. Maana yake ni kwamba draiva imejaribu kuzungumza na kadi kupitia PCIe, njia inayoiunganisha kadi na prosesa, na haikupata jibu. Draiva hapa ni mleta habari. Kuibadilisha mara chache husaidia. Ingekuwa Xid 13 au 31 ningekuambia uanze na programu yako ya CUDA, kwa kuwa hizo mara nyingi ni programu iliyogusa anwani isiyo yake, na 48 ningekuambia ni RAM ya kadi yenyewe. Kwa 79 naanza na umeme. Punguza ukomo wa nguvu za kadi, kwa mfano `sudo nvidia-smi -pl 250` ikiwa kadi yako inaruhusu kiwango hicho, na uifanyishe kazi ileile. Kupotea kukikoma, angalia pawa saplai na nyaya: kila mdomo wa kadi upate waya wake kutoka pawa saplai, badala ya waya mmoja unaogawanyika, na plagi iingie hadi mwisho. Kadi za kisasa huvuta umeme kwa mirindimo mifupi inayozidi sana wastani wake, na pawa saplai iliyotosha mwaka jana inaweza kushindwa ikiwa imezeeka. Umeme wa ukutani unaoshuka na kupanda jioni, jambo ambalo wewe unalifahamu kuliko mimi, huongeza shida hiyo, hivyo UPS inayorekebisha volteji bila kukata ni sehemu ya uchunguzi huu. Shida hiyo ya umeme inaweza pia kuwa ndiyo inayosababisha zile safari za kujiwasha upya usiku, na ndiyo maana sitaki ubadilishe RAM na umeme siku moja: hutajua kilichokuponya.

Umeme ukiwa safi, soma `journalctl -k | grep -i 'PCIe Bus Error'`. Makosa yaliyosahihishwa yanayojirudia kwa wingi ni dalili ya muunganiko dhaifu. Ichomoe kadi, safisha mdomo wake, ondoa waya wa kurefusha kama upo, na katika BIOS lazimisha kizazi kimoja cha PCIe chini ya kile cha sasa. Jaribu pia `pcie_aspm=off` kwenye mstari wa kerneli, ambayo huizuia kerneli kugusa mpangilio wa kulala kwa njia za PCIe ili kuokoa umeme, ingawa kile kilichowashwa na BIOS hubaki. Kigezo hicho huwasaidia pia wale ambao diski yao ya NVMe hupotea kwa ujumbe wa `controller is down`.

Ukipata ujumbe wa `AMD-Vi: Event logged [IO_PAGE_FAULT`, usiizime IOMMU, yaani kinga inayodhibiti ni RAM ipi kila kifaa kinaweza kuigusa, ili kuunyamazisha, kama inavyoshauriwa mara kwa mara. Ujumbe huo unakutajia kifaa kilichojaribu kugusa eneo la RAM ambalo hakikuruhusiwa, na kuizima IOMMU ni kukiacha kifaa hicho kiandike kinapotaka. Namba ya kifaa imo ndani yake. Ilinganishe na `lspci`. Na ukiona `swiotlb buffer is full`, kuna kifaa kinachofahamu anwani za biti 32 pekee, yaani GB 4 za kwanza, na kerneli inalazimika kukinakilia kila kitu kupitia eneo dogo ambalo kwa kawaida ni MB 64. Mara nyingi ni kadi ya zamani ya mtandao au ya kunasa video. Kuibadilisha ni nafuu kuliko kuitibu.

Yote haya yanahitaji mahali pa kupokea neno la mwisho la kerneli. Logi ya kawaida huandikwa diskini, na kerneli inayoanguka mara nyingi haifiki huko. Ikiwa una kompyuta nyingine ofisini, tumia netconsole, ambayo hutuma ujumbe wa kerneli moja kwa moja kwenye mtandao kwa UDP. Inahitaji waya wa mtandao. Kwa WiFi kwa kawaida haifanyi kazi. Kwenye mashine yenye tatizo:

`sudo dmesg -n 8`
`sudo modprobe netconsole netconsole=@/enp5s0,6666@192.168.1.20/`

ukiweka jina la kiungo chako cha mtandao na anwani ya kompyuta ya pili, na kwenye hiyo ya pili `nc -u -l 6666 | tee kerneli.txt`. Mashine ikijiwasha upya na faili hilo likawa halina chochote cha ajabu, ukimya huo sasa ni ushahidi: kerneli haikuwa na nafasi ya kusema, na kosa liko chini yake. Angalia pia `/var/lib/systemd/pstore`, ambako huweza kukutwa mabaki yaliyohifadhiwa na UEFI.

Kuna mambo mawili ya RAM kubwa ambayo huenda ukakutana nayo baadaye na kuyadhania kuwa ni haya haya. Programu moja ikiuawa na mashine ikabaki hai, tafuta `Out of memory: Killed process` au taarifa za systemd-oomd, hiyo ni kerneli au mlinzi wake akitimiza kazi yake, na kuwa na GB chache za swap, yaani eneo la diski linalotumika kama RAM ya akiba, humpa muda wa kuamua vizuri. Na usishangae GB kadhaa kukosekana tangu mwanzo. Kerneli huweka rekodi ya baiti 64 kwa kila ukurasa wa KB 4, na kwa GB 192 hiyo pekee ni GB 3.

Suala la kubadilisha toleo la kerneli linakuja sasa, si kabla. Ubuntu 24.04 ilitoka na 6.8, na hutoa kerneli mpya zaidi kupitia njia yake ya HWE. Ikiwa RAM imepita vipimo kwa 3600, umeme umethibitishwa, na bado unapata kuanguka kunakorudi mahali pamoja, jaribu hiyo ya HWE. Tatizo likitoweka, umemaliza. Likibaki, kusanya maandishi ya netconsole, matokeo ya `sudo dmidecode -t memory`, na, kama jina la moduli ya nvidia limo, faili linalotengenezwa na `nvidia-bug-report.sh`. Waandishi wa kerneli hawapokei ripoti yenye draiva isiyo ya chanzo huria, kwa hiyo rudia kuanguka huko bila kuipakia ndipo uwaandikie. Ikishindikana kurudia bila hiyo, ripoti ni ya NVIDIA.

Kuhusu matokeo uliyokwisha kuyapata tangu uongeze vile vipande viwili: usiyafute, ila usiyatumie bado. Baada ya mashine kupita `stressapptest`, chagua kazi moja iliyochukua RAM nyingi zaidi, iendeshe upya kwa data na mipangilio ileile, ukiiwekea idadi ileile ya nyuzi na mbegu ileile ya bahati nasibu ikiwa programu yako inaitumia, kisha linganisha. Zikitofautiana, rudia zote.